Nazikosoaje picha zangu mwenyewe, bila mwalimu?

fundi_friji_temeke

Habari za humu ndani wakuu.

Mimi ni fundi wa friji na AC, Temeke. Picha napiga kwa mapenzi tu, sina mpango wa harusi wala wa kufungua studio. Nilichukua Canon ya mtumba Kariakoo, zile ndogo za kuanzia, ikiwa na lenzi yake ya 18-55. Baadaye nikaongeza lenzi ya 50mm f/1.8. Siku nisiyo na kazi naamka alfajiri, nakwenda soko la samaki la Feri, nazunguka pale mpaka jua linapokuwa kali.

Kupiga siyo tatizo. Tatizo linaanza usiku nikishakaa na laptopu. Leo naziona zote kali, kesho nazitazama zile zile naona hakuna kitu. Nikizirusha kwenye grupu napata "kali sana mkuu", "moto", na vidole gumba. Mke wangu anasema nzuri, lakini najua ananionea huruma kwa sababu ameniona natoka nyumbani saa kumi usiku. Hakuna hata mmoja anayeniambia "hapa umeharibu, sababu ni hii". Chuo siwezi kwenda, muda sina.

Naambatisha tatu za juzi.

Ya kwanza ni dalali akinadi samaki, amesimama juu ya meza, nyuma yake bahari. Sura yake imetoka nyeusi kabisa. Ya pili ni mama anayekaanga samaki, nimetumia 50mm nikafungua tundu la lenzi mpaka mwisho, f/1.8. Kwenye kioo cha kamera ilionekana kali, kwenye laptopu macho yake yana ukungu. Ya tatu ni vijana wawili wanatoka majini mbio na tenga, na hapo ukungu umezidi. Sijui ni mkono wangu au ni mbio zao.

Wenzangu ambao hamna mwalimu, mnazikosoaje picha zenu? Mnaanzia wapi?

kijana_wa_mbeya

Mkuu, anza na kanuni ya theluthi. Gawa fremu mara tatu kwa upana na mara tatu kwa urefu, muhusika umweke pale mistari inapokutana. Dalali umemweka katikati kabisa, ndiyo maana picha imelala. Halafu ongeza mwanga kwenye programu ya kuedit, sura itaonekana tu.

maabara_tanga

Fundi, pole na majukumu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hili ni jambo ninalolipenda kweli kweli.

Mimi ni mtu wa maabara, hospitali moja hapa Tanga, kamera ni ya baada ya zamu. Kazini kwetu slaidi ya malaria haiitwi hasi mpaka umepitia angalau sehemu 100 tofauti chini ya hadubini. Huruhusiwi kuchungulia mara moja ukatoa jibu. Unatazama, unaandika ulichokiona, jibu linakuja mwisho. Picha zangu nazifanyia hivyo hivyo, na naamini ndicho kinachokukosesha wewe usingizi: unaanza na jibu. Unafungua laptopu ukijiuliza ni nzuri au si nzuri, na jibu la swali hilo linategemea umekula, umechoka, au nani kakusifia mchana.

Swali la kuanzia ni jingine. Ni kitu gani kilinifanya ninyanyue kamera?

Jiulize pale pale, kabla hujasogea. Mimi narekodi sauti kwenye simu, maneno machache tu: "mkono wa mzee", "kivuli cha baiskeli ukutani". Ukisubiri mpaka usiku utajitungia sababu kutokana na picha iliyotoka, na hapo umeshajidanganya.

Ukirudi nyumbani, chagua picha moja tu. Ieleze kwa maandishi kama unamsimulia kwa simu mtu asiyeiona. Nini kipo kushoto, nini kipo kulia, kipi kina mwanga kuliko vyote, kipi kimekatwa na ukingo. Usiandike neno la sifa wala la lawama. Halafu geuza uso pembeni, rudi uitazame ghafla, na uandike jicho lilitua wapi kwanza, likaenda wapi, likatokea wapi. Jicho lina tabia zake: linakimbilia penye mwanga mwingi, linakimbilia rangi nyekundu, linakimbilia maandishi yoyote yanayosomeka, na linakimbilia sura ya mtu. Ukitaka kulikamata vizuri, punguza picha mpaka iwe ndogo kama stempu, au igeuze juu chini. Ikiwa juu chini unaacha kumwona mama na samaki, unabaki na mabaka ya mwanga na giza, na unaona wazi ni baka gani linatawala.

Mwisho weka maandishi mawili bega kwa bega, kile kilichokufanya unyanyue kamera na kile ambacho jicho limekwenda kwanza. Umbali kati ya hivyo viwili ndiyo kasoro ya picha hiyo. Hakuna nyingine ya maana kwa siku hiyo.

Nikupe yangu moja. Tanga ni mji wa baiskeli, na mimi ndizo ninazopiga. Asubuhi moja Ngamiani alipita mzee na gunia la machungwa kwenye keria. Usukani ameushika kwa mkono mmoja, wa pili ameupeleka nyuma kulishikilia gunia, vidole vimezama kwenye matundu ya gunia, mishipa imesimama. Sauti yangu kwenye simu inasema "mkono wa nyuma". Sasa soma maelezo ya picha: kushoto kuna beseni jekundu limekatwa nusu na ukingo. Juu kuna kibao cha duka la vocha, herufi zinasomeka zote. Mzee anaonekana mzima, na baiskeli yake nzima. Mkono wa nyuma upo, ila ni mdogo kuliko ukucha wangu, na umeangukia kwenye mlango mweusi wa duka, kwa hiyo ngozi yake na mlango vimekuwa kitu kimoja. Jicho: beseni, kibao, sura, basi. Kwenye mkono halifiki.

Kanuni ya theluthi isingeniokoa hapo, kijana wa Mbeya anisamehe. Mzee yupo kwenye theluthi barabara. Na programu ya kuedit ingeniokoa nusu tu: beseni ningelikata, lakini mkono ungebaki mdogo na ungebaki kwenye mlango mweusi. Kilichotakiwa ni hatua chache kwenda kulia, ili nyuma ya mkono uje ukuta wa chokaa uliokuwa pale pale jirani, na kumsubiri afike karibu. Hayo niliyaandika chini ya picha, na nilipotoka tena nilikuwa na kazi moja tu ya kufanya: kutazama nyuma ya mkono kuna nini kabla ya kubonyeza. Moja tu. Ukitoka na masahihisho saba kichwani hupigi picha, unafanya mtihani.

Sasa za kwako.

Ya tatu ndiyo nyepesi. Kuza picha mpaka mwisho na utafute kitu chochote kilicho kali. Kama hakuna hata kimoja, na kila nukta imevutika kuelekea upande mmoja, ni mkono wako. Kama mawe na mitumbwi ni kali ila vijana wamevutika, ni mbio zao. Kama vijana wana ukungu lakini kitu kilichopo mbele yao au nyuma yao ni kali, fokasi ilishika pasipostahili. Nimeikuza ya kwako: kamba ya mtumbwi ni kali kama wembe, vijana wamevutika. Bonyeza INFO kwenye kamera uone kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inabaki wazi kupokea mwanga. Nadhani utakuta kama 1/80 ya sekunde hivi. Mtu anayekimbia unataka 1/500 au zaidi, na alfajiri hiyo ina maana ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande. Iache ipande. Chengachenga kidogo haziui picha, ukungu wa namna hii unaiua.

Ya pili: 50mm kwenye kamera yako, f/1.8, ukiwa mita moja kutoka usoni kwa mtu, sehemu inayotoka kali ina kina cha sentimita 3 hivi. Kutoka paji la uso mpaka jicho kunaweza kuzidi hapo kwa mtu aliyeinama. Kuza uone, mtandio wake kwenye paji la uso umetoka nyuzi kwa nyuzi. Kamera ilishika mtandio. Chagua nukta moja ya fokasi, iweke kwenye jicho lililo karibu nawe, na ufunge tundu mpaka f/4. Kioo cha kamera kisikudanganye, ni kidogo mno, kila kitu kinaonekana kali pale. Kuza hapo hapo sokoni kabla mama hajamaliza kukaanga.

Ya kwanza sitaisema. Nataka wewe uniambie kwanza: ulinyanyua kamera kwa ajili ya nini? Na usiniambie "dalali" kwa haraka. Kumbuka vizuri.

pwani_kilifi

Salaam kutoka Kilifi. Dada wa maabara amesema ya maana, ila mimi naona tofauti kidogo.

Kujikosoa peke yako kuna mwisho wake. Picha umeipiga wewe, harufu ya siku ile unayo kichwani, kicheko cha yule mama unacho. Mtazamaji hana hayo. Wewe unatazama picha pamoja na kumbukumbu, yeye anatazama karatasi. Magazetini wanalijua hili siku zote, ndiyo maana kuna mpiga picha na kuna mhariri wa picha, watu wawili. Hata Mohamed Amin, mpiga picha wa habari mzaliwa wa Nairobi, aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix hapo hapo Dar mwaka 1963, kazi yake ilipita mbele ya macho ya wahariri kabla wasomaji hawajaiona.

Kwa hiyo tafuta mtu mmoja. Si grupu, mtu mmoja. Na usimwulize "unaionaje?", maana adabu itamfanya akusifu. Mpe picha, nyamaza, mwambie akusimulie kinachoendelea ndani yake. Mimi namtumia binti ya dada yangu, yuko darasa la sita. Nilimwonyesha picha ya wavuvi wanavuta juya, ule wavu mkubwa wa kukokota kwa kamba, jambo ninalolithamini sana, akaniambia "mjomba, huyu mtu anaumwa tumbo". Nikatazama tena. Kweli, kamba ya juya ilipotelea kwenye rangi ya mchanga, akabaki mtu amejikunja bila sababu. Mwaka mzima ningeitazama ile picha nisiione hiyo, kwa sababu kamba mimi naijua ipo.

maabara_tanga

Ndugu wa Kilifi, hilo la mtoto nalichukua leo leo, na nakushukuru. Kuhusu kumbukumbu kuingilia, ni kweli tupu. Dawa yake nyingine ni muda. Garry Winogrand, Mmarekani aliyepiga sana mitaa ya New York, alikuwa anaziacha filamu zake mwaka na zaidi bila kuzisafisha, makusudi, ili asahau alivyojisikia siku aliyopiga. Ilifika mahali alipofariki mwaka 1984 akaacha roli karibu 2,500 ambazo hazijasafishwa kabisa. Sisi hatuhitaji kufika huko. Lakini ile tabia ya kuchagua picha usiku ule ule wa kupiga, mimi nimeiacha. Nahamisha memori kadi, nafunga folda, nasikiliza sauti zangu na kuziandika, basi. Kuchagua ni wiki nyingine.

Ila sikubali kwamba mtu mwingine anaweza kuchukua nafasi yako. Mtoto atakuambia kinachoonekana. Hawezi kukuambia ulitaka kuonyesha nini. Yule mzee wa machungwa, mtu yeyote angeniambia picha inaeleweka: mzee, baiskeli, machungwa. Ni mimi tu niliyejua kwamba mkono umepotea.

mtoto_wa_mkunazini

Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, naongeza moja ambalo halijasemwa.

Jicho la kukosoa halikui kwa kutazama picha zako peke yake. Ukitazama zako tu unayazoea makosa yake. Pita Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta, hapa Mji Mkongwe. Ranchhod Oza aliianzisha mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaendelea nayo. Kuta zimejaa picha nyeusi na nyeupe za Unguja ya zamani: watu, mitaa, majahazi. Usizipite kama mtalii. Simama mbele ya sura moja na uulize mwanga umetokea wapi.

Majibu yamo ndani ya picha. Tazama kivuli cha pua. Kikianguka shavuni, mwanga ulitoka pembeni. Kikianguka juu ya mdomo, ulitoka juu. Halafu tazama ndani ya macho, kuna nukta nyeupe, ndiyo chanzo chenyewe cha mwanga kimeakisiwa: kikiwa dirisha utaona umbo la dirisha, ikiwa taa utaona taa. Nukta isipokuwepo, macho yanaonekana yamekufa hata kama mtu anacheka. Nikishamaliza kuzisoma za watu ndipo narudi kwenye zangu na kuuliza hayo hayo, na haziponi.

Kwa sisi wa pwani hii hilo ni jambo kubwa, kwa sababu jua letu halina huruma. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba linasimama utosini hasa, na miezi mingine halikai mbali sana. Saa sita mchana kila mtu ana matundu meusi badala ya macho, na kofia ndiyo usiseme. Halafu jioni yetu ni fupi, jua likishazama una kama dakika 20 za mwanga wa maana. Nyumba zetu zinasaidia: mlango uliofunguliwa, muhusika akae ndani hatua moja kutoka kizingitini, nje kuna ukuta mweupe unaorudisha mwanga. Mama mkaanga samaki wa kaka fundi angepata macho mazuri sana angegeuzwa kidogo tu kuelekea nje ya banda.

fundi_friji_temeke

Shikamoo dada maabara, na wengine wote asanteni sana. Sikutegemea kupata haya.

Kwanza kasi ya shata ya picha ya vijana: 1/60. Umekisia karibu kabisa.

Sasa swali lako la dalali. Nilikaa nalo siku mbili nikiwa kazini. Ukweli ni kwamba hakuwa dalali. Dalali anapiga kelele, kila mtu anamtazama, na mimi nikaelekeza kamera pale ambapo watu wote wanatazama. Lakini kilichonisimamisha ni mama mmoja mnunuzi, amevaa kitenge cha njano, alikuwa anahesabu noti ndani ya kiganja bila kuziangalia, macho yake kwenye ndoo ya samaki. Anahesabu kwa kidole gumba. Huo ndio ulikuwa moyo wa mnada wote, maana anajua ana kiasi gani na anaomba bei isipite hapo.

Nikafungua picha kumtafuta. Yupo. Upande wa kulia kabisa, nusu ya bega na kiwiko. Viganja vimekatwa na ukingo.

Nikafanya lile zoezi la stempu. Ikiwa ndogo, picha yote ni baka moja jeupe, yaani bahari na anga, na ndani yake kuna umbo jeusi. Hakuna soko hapo.

Jumapili nimerudi Feri. Pale asubuhi jua linatokea upande wa Kigamboni, kwa hiyo ukimtazama dalali na maji nyuma yake, jua lote linakuja kwenye lenzi. Nikazunguka meza, nikasimama upande wa dalali, mgongo kwa maji, nikawatazama wanunuzi. Mwanga wote ulikuwa umewamwagikia wao! Sura zinaonekana mpaka mikunjo ya macho. Yule mama hakuwepo, lakini kuna mzee wa kanzu aliyekuwa ananong'ona bei na mwenzake, mkono mdomoni. Niliwaomba ruhusa kwa ishara, wakacheka, wakaendelea na biashara yao. Kwenye simu nimerekodi "mkono mdomoni". Nimeambatisha.

Naona mwenyewe kwamba mkono unaonekana. Ila kanzu imekuwa kama haijafuliwa, ya kijivu, na sokoni ilikuwa nyeupe inang'aa. Hilo silielewi, mwanga si ulikuwa upo?

maabara_tanga

Marahaba fundi. Nimeikuza hiyo picha nikaitazama muda mrefu. Jicho langu limekwenda kwenye mkono, kutoka mkono likaenda kwenye jicho la mwenzake anayesikiliza, likarudi. Umeona kilichotokea? Ulikwenda kutafuta kitu kimoja, na mwanga ukajirekebisha wenyewe kwa sababu umesimama panapostahili. Ile sura nyeusi ya dalali ungeweza kuifungua kwenye programu mpaka asubuhi, mnada usingeuona.

Kanzu ni habari ya mita ya mwanga iliyomo ndani ya kamera. Mita haijui kanzu wala haijui ngozi. Inachojua ni kijivu cha wastani, na kila unachoielekezea inataka kukifikisha kwenye kijivu hicho. Ukijaza fremu kwa kanzu nyeupe, inaona mwanga umezidi, inapunguza, kanzu inatoka kijivu. Ukijaza fremu kwa sura ya mtu mweusi kama sisi, inaona giza, inaongeza, na ngozi inatoka imepauka kama imepakwa majivu. Dalali wako naye ni hadithi hiyo hiyo, mita iliona bahari inayomeremeta ikapunguza kila kitu, yeye akiwemo. Na usidhani ni kamera peke yake. Enzi za filamu, maabara za kusafishia picha za rangi zilipima rangi zake kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yetu haikuwa kwenye kipimo. Ndiyo maana jukumu la kuijua ngozi yetu inavyotakiwa kutoka ni letu wenyewe, na mimi hili nalichukulia kwa uzito mkubwa. Picha ikimpausha mama yangu, siihesabu kuwa ni picha yake.

Kwenye Canon yako, gurudumu la kuchagua namna ya kupiga likiwa kwenye P, Av au Tv, shikilia kitufe kilichoandikwa Av na alama za kuongeza na kupunguza, huku unazungusha gurudumu la juu. Kuongeza ni kung'arisha picha, kupunguza ni kuitia giza. Kanzu ikitawala fremu, peleka +1. Uso wa mtu ukijaza fremu, jaribu −2/3 kwanza, utazame kwenye laptopu, halafu uone kama uende −1. Mtu mwenye bahari au anga nyuma yake, +1 mpaka +2, na ukubali anga liungue, litoke jeupe tupu. Ukimaliza rudisha kwenye sifuri, vinginevyo picha zote za baadaye zitakwenda na kipimo hicho.

Na hii ya kanzu usiitupe. Ukipiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, kanzu itanyanyuka bila shida yoyote. Ukiwa umepiga JPEG, faili la kawaida ambalo kamera imeshalibana, nayo itanyanyuka, ila taratibu, usiivute mpaka nyuzi za kanzu zipotee.

fundi_friji_temeke

Nimepiga JPEG. Nimeinyanyua kidogo, kanzu imekuwa kanzu. Jumapili natoka na kazi moja, kitufe cha Av. Dada, nikirudi naweka humu moja tu, na maelezo yake ya kushoto na kulia. Na ndugu wa Kilifi, mwanangu wa darasa la nne nimemkalisha mbele ya ile ya vijana na tenga. Amesema wanakimbia polisi.

pwani_kilifi

Basi hiyo ipige upya, tenga lionekane na samaki ndani yake. Shuka chini, piga magoti majini ikibidi.